Mlima Ulio Nyuma ya Mfereji

Ukikaa Kayole, maji huwa habari kabla hayajawa maji. Mtoto mmoja atapaza sauti kule chini kwenye ploti, "Yamekuja! Yamekuja!", na kabla hujapata kandambili zako foleni ya mitungi imeshapinda kona. Wiki ambayo hayaji, tunanunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, na mambo yakichacha shilingi 50. Siku hizo hata uso unaoshwa kwa hesabu.

Nimeishi hivyo miaka yangu yote ishirini na minne, na sikumbuki hata siku moja mtu kwenye foleni ile akiuliza maji haya yalikuwa wapi kabla ya kufika kwenye mfereji. Shuleni jibu tulilijua: Milima ya Nyandarua ni chanzo cha mito mingi. Alama mbili. Unaandika, unafunga daftari, unarudi kwenye foleni.

Ndugu msomaji, nimeenda kuziona alama hizo mbili kwa macho yangu, nikazikanyaga kwa miguu yangu.

Safu yenyewe iko kaskazini mwa jiji letu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, imejinyoosha kwa kilomita kama 160. Ina vichwa viwili. Kaskazini kuna Satima, mita 4,001, na kusini kuna Kinangop, mita 3,906. Katikati yake ni uwanda wa juu wenye baridi, nyasi na ukungu. Haina theluji, na nadhani hiyo ndiyo bahati yake mbaya. Kilimanjaro na Mlima Kenya wana kofia nyeupe, wakapigwa picha, wakachapishwa kwenye kadi na kalenda. Nyandarua ikabaki kuwa mstari wa buluu unaouona asubuhi moja moja ukiwa juu ya ghorofa, kama mvua ya jana imefagia vumbi la jiji. Mgeni mmoja, Joseph Thomson, aliipitia miaka ya 1880 akaipa jina la Aberdare, kwa heshima ya bwana mkubwa fulani wa chama cha wanajiografia kule Uingereza ambaye hakuwahi kuiona. Wakikuyu walikuwa wameshaiita Nyandarua, na wazee husema ni kwa sababu ukiitazama kwa mbali imefanana na ngozi iliyotandazwa ikauke.

Mimi nilikuwa na sababu mbili za kwenda. Ya kwanza ni riwaya. Nina madaftari manne, yote yamejaa habari za kijana aliyeingia msituni mwaka 1953 na hakurudi. Sababu ya pili ni kwamba kijana huyo si wa kubuni. Alikuwa kaka yake Cucu, mamake mama. Kaburi hana. Picha hana. Nyumbani jina lake hutajwa kwenye maombi ya Krismasi tu, tena haraka haraka.

Cucu anaishi karibu na Njabini, Kinangop Kusini, kwenye shamba ambalo familia ilipata wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa miaka ya 1960. Nilifika Ijumaa jioni. Matatu kutoka mjini hupanda hadi Soko Mjinga, ambapo karoti na kabichi zimepangwa kama kuta, kisha unaiacha barabara kuu ya Naivasha pale Flyover na kuingia kwenye baridi. Sitanii, unaingia kwenye baridi kama unavyoingia kwenye nyumba. Abiria wote wanafunga madirisha bila kuambiwa.

Nilimwambia Cucu nia yangu tukinywa chai.

"Unaenda kutafuta nini huko juu?" akauliza.

"Kuona tu, Cucu."

"Kuona." Akageuza kuni jikoni. "Watu walikuwa wanapanda huko kwa sababu wamekosa pa kwenda. Wewe una nyumba Nairobi."

Hakusema lingine. Lakini saa kumi alfajiri ndiye aliyeniamsha. Alikuwa ameshachemsha viazi na kujaza thamosi, na mlangoni ameniwekea gambuti za mjomba. Ukimwona mzee wa Kikuyu amekuwekea gambuti, jua amekupa ruhusa.

Tulikuwa watatu, mimi, binamu yangu, na rafiki yake ambaye amepanda mara sita na hachoki kukukumbusha. Kituoni kwa walinzi wa msitu tuliandika majina kitabuni, tukalipa, tukapewa askari mwenye bunduki. Binamu akaniambia nisijione mheshimiwa, bunduki ni ya ndovu. Kilele tulichokuwa tunaenda kinaitwa Elephant Hill, Kilima cha Ndovu, kwa sababu kwa mbali kimekaa kama ndovu aliyelala. Lakini ndovu wa kweli nao wamo. Nusu saa ndani ya msitu tulikuta kinyesi chao, kingine bado kinatoa mvuke, na tangu hapo hata yule wa mara sita alipunguza maneno.

Kwanza kuna miti mikubwa, na mbega wanaruka juu yake na mabega yao meupe kama wamevaa shuka za kanisani. Halafu mianzi. Hapa nataka kusema jambo na wenzangu mnaoandika. Sote tulifundishwa kuanza insha kwa jua lililotandaza miale yake na ndege walioimba nyimbo tamu. Katika mianzi ya Nyandarua hakuna jua wala miale. Kuna mwanga wa kijani kama uko ndani ya chupa. Mianzi ikipigwa na upepo haiimbi, inalia kwa mkwaruzo, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole na mtu asiyetaka kusikika. Chini ni tope, na hiyo ndiyo njia yenyewe. Unavuta mguu wa kushoto, wa kulia unazama. Ukiteleza ukashika mmea wa kando, basi umeshika thabai, na mkono utakuwasha hadi jioni. Nilifikiria maneno yote matamu niliyowahi kukariri na sikupata hata moja la kufaa tope lile.

Baada ya mianzi njia inasimama wima. Wapandaji kutoka Nairobi wamepabatiza mahali fulani Kituo cha Kukata Tamaa, na aliyetoa jina hilo alikuwa mkweli. Ni mahali pa wazi ambapo kwa mara ya kwanza unakiona kilele, na unaona jinsi kilivyo mbali. Tuliketi tukala viazi. Kichwa kilikuwa kimeanza kunigonga taratibu, si kwa ugonjwa, hewa tu imepungua. Vijana watatu tuliokutana nao hapo walikuwa wameamua kurudi. Mmoja wao akasema, "Bradhe, hii mlima haiishi, inaongezwa." Tulicheka hadi askari naye akacheka.

Ukipita hapo unaingia nchi nyingine kabisa. Miti inaisha. Vinabaki vichaka vya erika, vingine virefu kuliko mtu, matawi yake yamening'inia ndevu za kijivu zinazokusanya ukungu na kuudondosha tone moja moja. Nilisimama chini ya kichaka kimoja nikasikiliza. Mvua haikuwa inanyesha. Kichaka ndicho kilikuwa kinanyesha, kimeyanasa maji ya ukungu hewani na kuyashusha ardhini.

Halafu nyasi. Zimekaa vishungi vishungi, kila kishungi kama kichwa cha mtu aliyezama shingoni, na kati ya kishungi na kishungi kuna maji meusi. Binamu aliniambia nikanyage juu ya vichwa, nisikanyage kati. Nilichukua fimbo nikaisukuma pale kati ili nijue kina. Iliingia nusu nzima bila ubishi. Nilipoichomoa, shimo lilijaa maji taratibu, kama jicho.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye alama zile mbili. Huko juu baridi ni kali na unyevu hauishi, kwa hiyo nyasi na kuvumwani vikifa haviozi haraka kama vinavyooza huku chini. Vinalala juu ya vilivyokufa kabla yao, mwaka juu ya mwaka, karne juu ya karne, hadi vinakuwa udongo mweusi mwepesi unaofyonza maji kama sifongo. Mvua ya Aprili inaingia humo. Mvua ya Novemba inaingia humo. Halafu mlima unayaachia kidogo kidogo, hata Januari na Februari, wakati mbingu ya Kayole imekauka kama bati. Mto Chania unaanzia kwenye milima hii, Mto Thika pia. Malewa unashuka upande wa pili kwenda Ziwa Naivasha. Bwawa la Sasumua liko hapo hapo chini ya Kinangop, na bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, linakusanya maji ya Mto Thika na kuyaleta Nairobi. Mwaka 2022 likafunguliwa handaki la kilomita karibu 12 la kuongeza humo maji ya mito mingine mitatu ya milima hii, Maragua, Gikigie na Irati.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa foleni, ule mtungi ulioubeba jana haukuanzia kwenye bomba. Ulianzia kwenye kinamasi kisichofika hata kiunoni, mahali ambapo ukitembea vibaya unaacha gambuti.

Februari mwaka 2022 uwanda huu wa juu uliwaka moto mkubwa. Nilipokuwa mjini nilisoma habari hiyo kama mtu anavyosoma habari za nchi jirani. Nikiwa pale, fimbo yangu ikiwa imezama nusu, nilijaribu kuwaza moto ukitembea juu ya sifongo lililokauka. Nyasi hurudi upesi. Erika huchukua miaka. Udongo mweusi ukiungua, hesabu yake si ya maisha ya mtu.

Mbele zaidi tulikuta malobelia. Kama hujawahi kuona lobelia ya mlimani, waza kabichi kubwa iliyoamua kuwa mtu. Majani yamejipanga mviringo, na ndani ya mviringo huo mna maji, kikombe kizima. Moja ya aina za huku, ambayo haiko mlima mwingine wowote duniani ila Nyandarua, hutunza maji hayo kwa kazi maalum. Usiku baridi ikishuka chini ya sifuri, maji ya juu yanaganda na kuwa kifuniko, na chini ya kifuniko maji hayagandi, kwa hiyo kitovu cha mmea hakifi. Asubuhi jua linayeyusha. Kila usiku kipupwe, kila mchana kiangazi, ndivyo wanavyosema wanaoujua mlima. Aina nyingine hukaa miaka mingi bila kufanya chochote cha kuonekana, halafu huinua nguzo moja ya maua yenye manyoya, ndefu kama mtu, mara moja tu maishani, ikafa. Niliona moja iliyokufa imesimama, imekauka kama mlingoti. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, alikuwa ametua juu yake anatafuta wadudu.

Kileleni, kwenye mita kama 3,600, tulipewa dakika kumi. Nasema tulipewa kwa sababu ukungu ulifunguka wenyewe na baadaye ukafunga. Magharibi tuliona Longonot na Ziwa Naivasha liking'aa kama kipande cha kioo. Chini yetu Sasumua. Mashamba ya Kinangop yamekatwa miraba miraba, ya kijani na ya kahawia. Yule wa mara sita alinyoosha kidole kusini akasema Nairobi iko kule, nyuma ya lile wingu la kahawia. Sikuona ghorofa hata moja. Niliona wingu tu.

Kisha baridi ikaja na upepo wake, vidole vikakataa kushika kalamu. Nilikuwa na sweta mbili, jaketi na chai ya moto. Tulikuwa tumekaa kileleni chini ya saa moja.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Mapema mwaka 1953 Nyandarua yote ikatangazwa eneo lililokatazwa, maana yake ukionekana humo unapigwa risasi bila kuulizwa. Kati ya mwaka 1953 na 1955 ndege za kivita za Waingereza ziliangusha mabomu katika misitu hii na ya Mlima Kenya. Januari 1955 jeshi lilifanya msako mkubwa hadi kwenye uwanda huu wa juu. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri, akanyongwa Februari 18, 1957. Haya yote nilikuwa nayo kwenye daftari, na tarehe zake. Jambo ambalo hakuna kitabu kilichoweza kunipa ni vile vidole. Watu waliishi huku miaka, na ngozi za wanyama mwilini, na moto usiowashwa mchana kwa sababu moshi huonekana na ndege. Nilipokuwa nashuka nilianza kuandika upya sura ya tatu kichwani. Katika sura hiyo kijana wangu alikuwa akihutubia wenzake kurasa mbili nzima. Sasa hatahutubia. Midomo haitamruhusu.

Njiani kushuka tulikutana tena na waya. Ua wa umeme wa Nyandarua ulianza kujengwa mwaka 1989 na ukakamilika mwaka 2009, kilomita kama 400 kuzunguka safu yote. Mkulima akilala, ndovu hamli viazi vyake, na msumeno wa mkata miti unapata shida kuingia. Ni kitu kizuri, lakini ndovu waliokuwa wakivuka kwenda Mlima Kenya sasa wanafika kwenye waya na kugeuka. Askari alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Nilimuuliza pia kuhusu barabara. Kuna mpango wa kuweka lami kutoka Ihithe, Nyeri, hadi Ndunyu Njeru upande huu wa Kinangop, kukata katikati ya mbuga na uwanda ule wa juu. Watetezi wa mazingira walikwenda kortini, na mwaka 2024 mahakama ikausimamisha kwa muda. Mjini, tukiwa tumeshiba, ni rahisi kusema barabara isijengwe. Lakini binamu yangu hulima kabichi, na kumfikisha mnunuzi wa Nyeri ni kuzunguka mlima mzima. Mwaka juzi kabichi zake ziliozea shambani. Aliniambia, "Wewe unataka maji, mimi nataka soko. Mlima ni mmoja." Sikuwa na jibu la haraka, ila nimeona fimbo yangu ikizama, na sijui lami italalia nini pale. Nilimwambia ningekuwa mimi, ningeitengeneza kwanza ile ya kuzunguka. Akasema mimi si waziri. Tuliendelea kushuka.

Tulifika nyumbani giza limeingia. Nilivua gambuti nje, magoti yakitetemeka. Cucu hakuniuliza kama nimechoka. Alinipa uji, akanitazama nikimaliza kikombe cha kwanza na cha pili.

"Kuna barafu bado asubuhi?" akauliza.

Sikuelewa. Nikamwambia hatukulala huko, lakini kuna mmea unaoshika maji ndani ya majani, na usiku hayo maji huganda.

Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Halafu akasema, "Alikuja mara moja. Mwaka ule wa hamsini na nne, kabla hatujahamishiwa kijiji cha mitaro. Mimi nilikuwa mdogo, nimelala na mama. Nywele zilikuwa ndefu, sikumjua. Mikono imepasuka hapa, na hapa." Akaonyesha ncha za vidole vyake. "Alisema asubuhi wanavunja barafu ndio wanywe. Mama akalia. Akampa viazi, akakataa. Viazi ni vizito, alisema, vinamchelewesha. Alitaka chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi tu. Mama akamfungia yote iliyokuwepo kwenye kitambaa. Tulikula bila chumvi hadi mwisho wa mwezi, na hatukuweza kumwambia jirani kwa nini."

Miaka ishirini na minne nimekuwa mjukuu wake, na sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nilitaka kuuliza alitoka na mlango gani, usiku ule mvua ilikuwa inanyesha au la, alimgusa mdogo wake kichwani au hakumgusa. Cucu alikuwa ameshainuka.

"Funika moto," akaniambia, "na hizo gambuti uzioshe kesho kabla mjomba wako hajaziona."

Nilifunika moto. Nikafungua daftari la nne ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa na kitu, nikaandika: chumvi.